Kielelezo Namba Saba

Hati ilikuja Jumatatu, imekunjwa mara tatu,
wino wa mhuri umepenya hadi upande wa pili:
mimi, Mize Faki Shaame, duka la vifaa vya ujenzi, Wete,
nimeuza mifuko themanini na sita ya saruji
bila risiti,
na ninadaiwa kodi ya ongezeko la thamani,
na faini, na riba juu ya faini.

Nikaisoma nimesimama.
Nikaisoma nimeketi juu ya ndoo ya rangi.
Mara ya tatu nikacheka,
maana mifuko hiyo ninayo.
Iko nyuma ya duka, imepangwa kama ukuta.
Karatasi imebanduka, umbo limebaki:
mashavu, mikunjo, hata uzi wa mshono
umejichora katika jiwe.
Masika yaliikuta bandarini Mkoani,
turubai likapeperuka usiku,
kufika asubuhi saruji yangu imeshafunga ndoa na maji.
Niambieni, nyinyi wenye hesabu:
thamani ipi iliyoongezeka?

Kaka yangu Massoud akasema, Lipa, mwenye nguvu mpishe.
Mwanangu Ruwaida, aliyesomea uhasibu Unguja,
hakusema lipa wala usilipe.
Aliigeuza hati. Nyuma, kwa herufi kama mayai ya chawa:
asiyeridhika na atoe pingamizi kwa maandishi
ndani ya siku thelathini.
Nane nilikuwa nimeshazimaliza barazani, nalalamika.
Baraza haigongi mhuri.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
na daftari ninalo, ila ni la kwangu mwenyewe:
"Bi Asaa, mabati sita, karafuu zikikauka."
"Mbao za jeneza. Bei sikuandika."
Ruwaida akapekua humo usiku tatu,
akatoa stakabadhi ya mzigo, barua ya wakala wa meli,
picha ya turubai limelala topeni,
akazipa namba, moja hadi sita.
Akaandika pia nisichokipenda:
kile usichokibisha, mama, kilipe kwanza.
Nikalipa. Ilikuwa misumari. Ilikuwa kweli.

Pingamizi likarudi na maneno mawili:
ushahidi hautoshi.
Tukapanda juu yake, bodi ya rufaa:
ada, nakala nne, tarehe,
imeahirishwa, tarehe nyingine.
Nilijifunza kukaa benchi kama msusi wa ukili,
mkono kazini, moyo uko mbali.

Siku yenyewe nilikodi gari ya mkaa.
Wanaume wawili waliupandisha mfuko mmoja
wakaubwaga mbele ya meza. Sakafu ikaitika.
Mwenyekiti akavua miwani.
Afisa wa kodi, kijana mpole, jasho puani,
akaugonga kwa kalamu. Ti.
Akaugonga tena, pengine ungejibu vingine.
"Hiki nini?"
"Ndicho mnachosema nimekiuza. Nitajieni mnunuzi."
Karani akauliza aandike jiwe au saruji.
Wakabishana kidogo, kisha wakaandika:
kielelezo namba saba, mfuko mmoja, mgumu.

Wakaja kuhesabu ukuta.
Sitini, na ule mmoja ulio kwao.
Na ishirini na mitano, Bi Mize?
Hapo ulimi ulinikauka,
maana nilijua ilipo:
chini ya ngazi ya chuo cha Maalim Tumu,
watoto wanaikanyaga kila alasiri na juzuu kwapani.
Niliitoa kimya, mkono wa kushoto usijue.
Sadaka haina risiti.

Uamuzi: sitini na mmoja, imefutwa.
Ishirini na mitano, lipa.
Massoud anasema nimeshindwa kidogo.
Ruwaida anasema tumeshinda sana, na amenunua daftari jipya
lenye safu ya "Vilivyoharibika"
na nyingine, nyembamba, ya "Nilivyotoa".

Namba saba haijarudi.
Nasikia upepo ukivuma kule ofisini
wanauegemezea mlango wa masjala.